Kisanduku Kimeshuka Bei, Ada Imebaki: Soko la Kufuatilia Magari Mwanza na Kanda ya Ziwa

Mheshimiwa Mwenyekiti, wamiliki wa mabasi, malori na daladala, wenye pikipiki za mkataba, wenye boti na mitumbwi ya injini, na nyinyi mafundi umeme wa magari mliokaa nyuma kule: habari za asubuhi. Mada niliyopewa ni soko la vifaa vya kufuatilia magari linakoelekea. Nitaanza na pesa, maana mengine yote yanafuata hapo.

Zamani mtu aliuziwa kifaa. Siku hizi anauziwa mwezi. Kisanduku chenyewe kimeshuka bei kiasi kwamba muuzaji anaweza kukufungia kwa bei ya kutupa, hata bure, kwa kuwa ada ya kila mwezi itamrudishia. Tuseme ada ni shilingi 15,000. Gari moja kwa miaka mitatu ni shilingi 540,000, na mwenye Hiace kumi atakuwa ametoa milioni tano na laki nne. Halafu mtu huyohuyo alibishana nusu siku kupunguziwa elfu ishirini kwenye kifaa! Kabla ya kuuliza kifaa ni shilingi ngapi, uliza haya: laini iliyomo ndani imesajiliwa kwa jina la nani? Taarifa za gari zinakwenda kwenye seva ya nani, yaani kompyuta gani inazipokea na kuzihifadhi? Nikitaka kuhama kesho, kifaa hiki kinaweza kuelekezwa kwenye seva nyingine, au kimefungwa kwa nywila ambayo anaijua aliyeniuzia peke yake?

Maswali hayo yana sababu. Angalieni makampuni makubwa duniani yanavyomezana. Mwaka 2016 Verizon ya Marekani ilinunua Fleetmatics kwa dola bilioni 2.4. Mwaka 2019 Bridgestone, hawahawa wa matairi, waliichukua TomTom Telematics, ambayo leo inaitwa Webfleet. MiX Telematics ya Afrika Kusini iliungana na PowerFleet mwaka 2024, na kabla mwaka haujaisha wakainunua na Fleet Complete. LoJack, iliyoanza miaka ya 1980 kusaka magari ya wizi kwa mawimbi ya redio, ilikwenda kwa CalAmp mwaka 2016 na baadaye biashara yake ya Marekani ikauzwa tena. Kinachonunuliwa hapo ni orodha ya wateja wanaolipa kila mwezi. Vile visanduku havina hata thamani ya kubishania. Na mteja anapouzwa haulizwi: anaamka asubuhi programu ya simu imebadilika, ripoti za mwaka jana hazionekani, ada imepanda. Kama mambo hayo yanawapata wenye malori elfu moja huko nje, mwenye Noah mbili za Igoma ajiandae.

Badiliko la pili ni la viwanda vyenyewe. Umoja wa Ulaya uliamuru kwamba aina mpya za magari madogo zinazoidhinishwa kuanzia tarehe 31 Machi 2018 ziwe na mfumo wa eCall, unaopiga simu ya dharura wenyewe gari likigonga. Maana yake gari jipya la Ulaya linatoka kiwandani tayari lina laini na GPS ndani. Huko wafungaji wa vifaa vya kuongezea wanabanwa, kwa sababu mwenye kiwanda anauza taarifa za gari moja kwa moja. Kwetu hali ni tofauti. Gari zetu nyingi ni za mtumba kutoka Japani, na hata kama lina mfumo wa kiwandani, mfumo huo ulitengenezwa kwa ajili ya huduma za Japani na hapa haufanyi lolote. Kwa hiyo kazi ya kufunga vifaa vya nje bado ipo na itakuwepo kwa miaka. Mafundi, hiyo ni habari njema kwenu.

Tatu ni mtandao. Mwaka 2022 makampuni ya simu ya Marekani yalimaliza kuzima 3G, na vifaa vilivyotegemea 3G peke yake vikageuka vyuma chakavu siku hiyohiyo, hata vile vilivyokuwa vizima kabisa. Hapa vifaa vingi vya bei nafuu vinatumia 2G, na 2G inafika mpaka vijijini, kwa hiyo si kosa kuvitumia leo. Lakini kifaa kizuri hukaa kwenye gari miaka mitano hadi saba. Unaponunua kipya, tafuta cha 4G kinachoweza kushuka hadi 2G pale 4G inapokosekana, na uhakikishe ni toleo la masafa ya Afrika au Ulaya. Toleo la Amerika Kaskazini linauzwa kwa bei ya kuvutia sana mtandaoni. Ukilileta Mwanza linawasha taa na kukaa kimya.

Kuhusu bando, tupige hesabu pamoja, kwa sababu hapa wateja wanadanganywa. Rekodi moja ya mahali gari lilipo, pamoja na vifungashio vya mtandao, ni kama baiti 150. Kifaa kikituma kila sekunde 10 kwa saa 8 za kazi, ni rekodi 2,880 kwa siku, yaani kilobaiti 430 hivi. Kwa siku 30 haifiki megabaiti 15. Anayekwambia ada iko juu kwa sababu ya bando anakuficha kitu. Gharama yake ya kweli ni watu: wa kupokea simu saa nane usiku, fundi wa kuja Buhongwa kuangalia kifaa kilichonyamaza, seva na ramani. Kama watu hao anao, mlipe bila kinyongo. Kama ni namba moja ya simu isiyopokelewa, unalipia nini?

Kamera ni habari nyingine. Video ya megabiti 1 kwa sekunde inakula megabaiti 7.5 kwa dakika. Ndiyo maana mifumo ya kamera inayokuja kwa kasi sasa, ile inayomwangalia dereva akisinzia au akishika simu, haitumi video ya siku nzima. Inahifadhi kwenye kadi ndani ya gari na kutuma kipande cha sekunde 20 tu penye tukio, kama megabaiti 2.5. Mkiuziwa kamera, ulizeni kadi yake ni ya aina gani. Kadi ya kawaida ya simu haistahimili kuandikwa na kufutwa usiku na mchana kwenye joto la dashibodi, na inakufa kimyakimya. Utaijua imekufa siku ya ajali.

Wenye mabasi ya mikoani, nyinyi VTS ya LATRA, yaani mfumo wa kufuatilia mabasi wa mdhibiti wa usafiri wa ardhini, mnaijua: kifaa kinachopiga kelele dereva akivuka mwendo, na kitufe ambacho dereva anagusisha ili mfumo ujue nani ameshika usukani. Mwendo wa basi ni kilomita 80 kwa saa, na mkiuliza mtaambiwa hivyo kila kituo kuanzia hapa hadi Dar es Salaam. Ninachoongeza ni kimoja. Nyaya za VTS si mahali pa kuchota umeme wa redio, taa za urembo au chaja za abiria. Fundi akigusa hapo, kifaa kinakatika katikati ya safari, na kwenye kumbukumbu za mdhibiti kukatika huko kunafanana kabisa na kukata kwa makusudi.

Haya, mafundi, sogeeni. Sehemu hii ndiyo ndefu, kwa kuwa malalamiko mengi ya "GPS mbovu" ukiyafungua unakuta ni ufungaji mbovu.

Kifaa cha kawaida kina nyaya nne za maana: umeme wa kudumu, hasi, waya wa kuhisi swichi ya kuwashia gari, na waya wa kuamuru rilei, ile swichi ndogo inayoendeshwa kwa umeme ili kuzima gari. Rangi hazifanani kiwanda hadi kiwanda, kwa hiyo soma karatasi yake kabla ya kukata chochote. Umeme wa kudumu uchukuliwe kwenye sanduku la fyuzi au waya mkuu wa swichi, ukiwa na fyuzi ya ampea 2 karibu kabisa na pale ulipochota. Fyuzi ikikaa upande wa kifaa, waya ulio kabla yake hauna ulinzi, na waya ukikwaruzika kwenye bati ndipo moto unapoanzia. Hasi ifungwe kwenye bolti ya bodi iliyokwanguliwa rangi mpaka chuma kionekane.

Pima kwa mita, usipime kwa taa. Betri ya volti 12 iliyotulia isome kama 12.6, na injini ikiwaka iwe kati ya 13.8 na 14.4. Lori la volti 24 lisome zaidi ya 25 likiwa limezimwa na karibu 28 likiwaka. Kisha mwambie dereva apige stata huku ukiangalia mita. Betri chovu inashuka chini ya volti 9, na kifaa kinachohitaji angalau 9 kinazima na kuanza upya. Kwenye ripoti utaona kifaa kikijiwasha upya kila asubuhi gari linapoanza, na dakika mbili za mwanzo wa safari hazipo. Betri ndogo iliyomo ndani ya kifaa ndiyo inayopaswa kuziba pengo hilo, lakini joto la dashibodi linaichosha, na baada ya miaka michache imebaki jina. Kwenye malori funga kifaa kilichoandikwa volti 9 hadi 36 au zaidi; cha volti 12 tupu usikisogeze huko.

Waya wa swichi usichukuliwe kwenye taa wala redio. Uwe ule unaopata umeme swichi ikifunguliwa na kubaki nao injini inapozunguka. Ukikosea hapa, mfumo unahesabu gari limewashwa usiku kucha kwa sababu dereva alikuwa anasikiliza mpira, na tajiri anamfukuza mtu kwa kosa la fundi.

Rilei ndiyo inayoweza kuua, kwa hiyo nitakwenda polepole. Tumia ya miguu mitano, volti sawa na gari, ampea 30 au 40. Kata waya wa pampu ya mafuta au wa stata, uunganishe kwenye mguu ulioandikwa 30 na ulioandikwa 87a. Hiyo 87a ni njia iliyofungana rilei ikiwa imelala. Faida yake ni kwamba kifaa kikifa, gari linaendelea kutembea. Fundi anayetumia 87 badala ya 87a anampa mteja gari litakalozimika peke yake siku fyuzi ya kifaa itakapoungua, na haichagui mahali; inaweza kuwa kwenye mteremko na abiria kumi na nane ndani. Kati ya 85 na 86, miguu ya koili, weka dayodi, kile kijisehemu kinachopitisha umeme upande mmoja tu; aina ya 1N4007 inatosha, mstari wake ukielekea upande wa chanya. Bila hiyo, kila rilei inapoachia, koili inarusha umeme wa kinyume na kuchoma transista ya kifaa kidogokidogo. Mteja atarudi baada ya miezi mitatu akisema amri ya kuzima haifanyi kazi.

Amri yenyewe iwekewe sharti la mwendo: isitekelezwe mpaka gari liwe chini ya kilomita 20 kwa saa. Injini ikizimika kwenye kasi, usukani unakuwa mzito na breki zinapoteza msaada wake. Mwizi ni mwizi, lakini mbele yake kuna watu wanavuka barabara.

Maungio ya waya yalehemiwe kwa risasi au yabanwe kwa klipu zake, kisha yavikwe mrija unaosinyaa kwa joto. Kusokota na kuzungushia tepu nyeusi hakudumu kwenye hewa ya ziwa. Gundi inalainika, unyevu unaingia, shaba inageuka kijani, na kifaa kinaanza kupotea na kurudi kila gari linapopita kwenye tuta.

Antena ya GPS inapokea mawimbi dhaifu kutoka setilaiti zilizo juu kama kilomita 20,200. Plastiki na kioo vinapitisha. Bati halipitishi, wala karatasi ya kioo yenye chembe za chuma haipitishi. Kifaa kiweke chini ya plastiki ya dashibodi, uso wake ukitazama juu. Penye uwazi kosa lake ni mita 3 hadi 5. Kwenye majabali yetu na kati ya maghorofa ya mjini mawimbi yanagonga na kurudi, kosa linafika makumi ya mita, na gari lililoegeshwa linaonekana linazungukazunguka usiku kama lenye mizimu. Dawa yake ipo kwenye mipangilio: swichi ikizimwa, kifaa kishikilie sehemu ya mwisho kisiendelee kuhesabu kilomita.

Ramani nazo zina mambo yake. Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, gari linalokwenda Sengerema au Geita likaacha kusubiri kivuko. Kama mfumo wako una ramani ya zamani, utaliona gari likikimbia juu ya maji, na tahadhari za "gari limesimama kivukoni" bado zipo kwenye orodha. Futa uzio wa ramani wa kivuko, ule mpaka uliochorwa ili mfumo ukupe tahadhari, weka mpya pande mbili za daraja, na upange upya muda wa safari unaouhesabia dereva.

Sasa mafuta. Naona nyuso zimebadilika.

Kuna njia tatu za kujua mafuta. Ya kwanza ni kusoma geji ya gari yenyewe, ile ya boya. Ni rahisi, lakini kosa lake ni kubwa, na haiwezi kukuonyesha lita 15 zilizonyonywa kwenye tangi la 400. Ya pili ni kusoma kompyuta ya gari. Malori mengi ya Ulaya yanatoa taarifa za mafuta kwa utaratibu wa J1939, lugha ya kompyuta za malori, na kuna klipu inayobana juu ya nyaya bila kuzitoboa. Hii inakupa mafuta ambayo injini imechoma, ila haijui yaliyotolewa kwa mpira. Ya tatu ni fimbo ya sensa inayotumbukizwa ndani ya tangi, inayokatwa kulingana na kina chake. Ikifungwa vizuri kosa lake ni karibu asilimia moja, na ndiyo ninayoipendekeza kwa malori ya masafa.

Kufungwa vizuri ni kazi ya nusu siku. Tangi limwagwe mpaka tupu. Fimbo ikae katikati ya tangi, ili gari likiinama mafuta yakikimbilia upande mmoja kipimo kisiyumbe sana. Ikatwe ibaki sentimita mbili hivi juu ya sakafu, kwa sababu ya maji na uchafu uliotuama. Kisha jaza lita 20, subiri itulie, andika namba ya sensa, lita 20 tena, andika, mpaka lijae. Tangi la lita 400 linakupa mistari ishirini. Fundi anayekwambia amemaliza kwa vipimo viwili tu, tangi tupu na limejaa, amekudanganya, kwa kuwa matangi mengi yana kona na mikunjo, na nusu ya urefu si nusu ya lita.

Mkishapata grafu, jifunzeni kuisoma kabla ya kumshika mtu shati. Mafuta yaliyonyonywa gari likiwa limezimwa yanaonekana kama ukuta: mstari unashuka wima ndani ya dakika chache, halafu unabaki hapohapo. Gari likiegeshwa kwenye mlima mstari unashuka vivyo hivyo, lakini gari likirudi tambarare mstari unapanda peke yake bila risiti ya kituo. Mstari unaocheza kama mawimbi ni mafuta yanayotikisika kwenye barabara ya vumbi, na mfumo unapaswa kuchukua wastani wa dakika kadhaa. Wizi mgumu kuuona ni wa kuchepusha mrija wa marejesho, unaorudisha mafuta ya ziada tangini, injini ikiwa inawaka. Hapo grafu inateremka taratibu kama matumizi ya kawaida. Huo unanaswa kwa hesabu: lori linalokula lita 45 kwa kilomita 100 likienda Dar es Salaam, kilomita 1,150 hivi, litumie kama lita 520. Likitumia 600 safari tatu mfululizo kwa mzigo uleule, mwite fundi wa injini kwanza, kisha dereva. Kwa utaratibu huo. Nozeli inayovuja nayo inakula mafuta, na haina ndugu wa kumtetea.

Wenye malori ya samaki, nyinyi mnaweza kupata faida kubwa kuliko wote, na wengi bado mnatumia kifaa kama saa ya ukutani. Minofu mibichi ya sangara hukaa karibu na nyuzi 0 kwenye barafu, na iliyogandishwa nyuzi 18 chini ya sifuri au zaidi. Sensa ya DS18B20 ni ya bei ndogo na inatosha kwa minofu mibichi, kosa lake likiwa nusu nyuzi kuanzia 10 chini ya sifuri kwenda juu. Kwenye baridi kali kuliko hapo inaanza kuyumba. Tatizo ni mahali inapofungwa. Mafundi wanapenda kuiweka karibu na feni ya kupoza kwa kuwa waya ni mfupi. Hapo inasoma hewa inayotoka, na mlangoni samaki wameshalainika. Weka mbili, moja kwenye hewa inayorudi na nyingine juu karibu na mlango, na sensa ya mlango yenyewe. Tahadhari isilie papo hapo. Iache dakika 15, kwa sababu mashine ina muda wake wa kuyeyusha barafu na joto hupanda kidogo halafu hushuka. Ikilia kila saa, dereva ataitafutia waya wa kukata. Kwa anayevuka Sirari, laini iwe imefunguliwa matumizi ya nje ya nchi. Bila hivyo gari linapotea kwenye skrini upande wa Kenya, ingawa kifaa kinaendelea kuhifadhi rekodi na kuzimwaga zote gari linaporudi.

Pikipiki za mkataba zimekuwa soko la kipekee, maana kifaa kimegeuka dhamana ya mkopo. Hesabu muhimu hapa ni ya betri. Kifaa kinachovuta miliampea 40 kinakula karibu ampea-saa (Ah) 1 kwa siku, na betri ya pikipiki ni kama Ah 5. Kijana akiugua siku tano, anakuta pikipiki haiwaki na anakulaumu wewe. Washa hali ya usingizi: kifaa kivute miliampea 3 hadi 5 pikipiki ikilala, kiamke ikitikiswa. Kingine ni namna ya kuzima. Kumzimia kijana pikipiki katikati ya Barabara ya Kenyatta kwa rejesho la siku moja ni kuhatarisha roho ya mtu kwa elfu kumi. Mtumie ujumbe, halafu weka amri ya kutowaka tena baada ya kuegesha.

Mitumbwini kuna ugumu wake. Injini nyingi za kuvuta kamba hazina betri ya kulisha kifaa, kwa hiyo kinachofaa ni chenye betri yake, cha kuzuia maji daraja la IP67, kinachoamka mara tatu au nne kwa siku na kutuma. Kikitumika hivyo kinakaa miezi. Kifichwe chini ya kifuniko cha plastiki cha injini, mbali na mfumo wa cheche, kwa sababu cheche zinakivuruga. Na mjue mpaka wa teknolojia: kwa kawaida mnara wa simu wa GSM (2G) hauhudumii simu iliyo zaidi ya kilomita 35, hata kama ziwa ni wazi na hakuna kizuizi. Mvuvi aliyekwenda mbali na visiwa haonekani mpaka arudi karibu na mnara. Anayehitaji kuonekana kila saa huko anahitaji kifaa cha setilaiti, na ada yake ni ya ngazi nyingine.

Usalama wa mfumo wenyewe. Mwaka 2022 wataalamu wa BitSight walichambua kifaa kimoja cha bei nafuu, MV720 cha MiCODUS, wakakuta kasoro sita, ikiwemo nywila iliyoandikwa ndani ya mfumo ambayo mwenye gari hawezi kuibadilisha. Mtu wa mbali angeweza kufuatilia magari ya wengine na hata kukata mafuta. Mamlaka ya usalama wa mtandao ya Marekani ikatoa onyo. Lakini tusiende mbali: vifaa vingi vinavyouzwa hapa vinatoka kiwandani na nywila 123456, na vinapokea amri kwa ujumbe mfupi kutoka namba yoyote. Leo jioni badilisheni nywila, na mruhusu namba mbili tu, ya tajiri na ya msimamizi. Vifaa vya zamani vinavyoonyesha tarehe iliyorudi nyuma wiki 1,024 vimepitwa na mzunguko wa GPS wa Aprili 2019. Kama kiwanda hakina sasisho, usivinunue hata kwa bei ya soda.

Na kuna sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023. Taarifa za mwenendo wa dereva ni zake pia. Mwandikie kwenye mkataba kwamba gari linafuatiliwa, nani anaona, na zinahifadhiwa muda gani. Anayefunga kifaa kwenye gari la mke au mume bila yeye kujua asinipigie simu kuomba msaada.

Kuhusu kuhama, ambako nilianza nako: kuna programu huria inayoitwa Traccar inayoelewa lugha za vifaa zaidi ya mia mbili. Seva ndogo ya kukodi yenye kumbukumbu ya gigabaiti 1 inabeba makumi ya magari. Kila aina ya kifaa ina namba ya mlango wake wa kuingilia kwenye seva: vya ukoo wa GT06 vinaingilia mlango wa 5023, vya Teltonika 5027, vya Coban 5001. Sisemi kila mtu awe na seva yake. Anayekuwa nayo lazima awe na mtu wa kuitunza. Nasema mjaribu na kifaa kimoja. Kikikubali kuelekezwa huko, mna uhuru wa kujadiliana ada. Kikikataa, mmekodi, hamkununua, na bei ya kukodi iwe chini.

Kabla ya kumlipa fundi, fanyeni jaribio la saa moja. Endesheni kutoka Nyegezi hadi Usagara na kurudi, mlinganishe kilomita za mfumo na za dashibodi. Tofauti ikizidi asilimia 3, huenda waya wa swichi au mipangilio ina kasoro. Chomoeni betri ya gari dakika kumi: tahadhari ya kukatwa umeme ije kwenye simu, na kifaa kiendelee kutuma. Gari likiwa limesimama, tumeni amri ya kuzima, kisha ya kuwasha, mara tatu. Chukueni namba ya IMEI, ya kukitambulisha kifaa, tarakimu 15, namba ya laini na nywila, yote kwa maandishi.

Waliokuja na vifaa vyao wavilete hapa mezani, tutazame vimeelekezwa seva gani. Mafundi, ile rilei ya miguu mitano na mita viko upande wa kushoto.